Rupia ya Kale: Jinsi ya Kuijua Hali Yake

Tangu tulipoanzisha Chama cha Sarafu hapa shuleni, halipiti juma bila ya mwanafunzi kunijia na kitu kilichofungwa katika kitambaa au katika karatasi ya daftari. Hukifungua mbele yangu kwa uangalifu, kisha huuliza swali lile lile: “Mwalimu, hii ni shilingi ngapi?” Nami jibu langu ni lile lile: hatuwezi kusema habari za bei kabla ya kusema habari za hali. Rupia mbili za mwaka mmoja, zilizotoka katika kiwanda kimoja siku moja, huenda leo moja ikawa haina thamani ila ya madini yake tu, na ya pili ikatakiwa na watu kwa mara nyingi zaidi. Tofauti yao ni yale yaliyozipata njiani. Kuyasoma hayo ndiyo somo letu la muhula huu.

Kwanza tuseme ni sarafu zipi tunazokutana nazo, maana mkusanyaji wa Uingereza ana zake na sisi tuna zetu. Katika makasha ya bibi zetu, hasa pwani na kando ya njia za zamani za misafara, mna aina nne za fedha. Iko riale ya Maria Theresa, ile kubwa yenye picha ya mwanamke mnene, iliyoandikwa mwaka 1780. Iko rupia ya Kihindi, yenye kichwa cha Malkia Victoria, au Edward wa Saba, au George wa Tano. Iko rupia ya Wadachi, iliyoanza kupigwa mwaka 1890 kwa jina la kampuni yao ya Afrika ya Mashariki, na tangu 1904 kwa jina la koloni lenyewe. Mwaka huo wa 1904 ndipo rupia yao ilipoacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100, na neno hilo la heller ndilo tunalolitamka hata leo tunaposema “sina hela.” Mwisho iko shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye simba na milima, iliyoanza mwaka 1921.

Juu ya hiyo shilingi nitasema maneno machache tu, kwa sababu inawadanganya wengi. Shilingi za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo moja. Robo tatu ni madini mengine, na shaba ndiyo nyingi. Kuanzia zile za 1948 hazina fedha kabisa. Basi mtu akikuletea shilingi ya 1952 akasema ni fedha tupu, mwambie kwa adabu kwamba sivyo.

Rupia ndiyo mwalimu mzuri wa somo hili. Ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za uzito wake sehemu 917 ni fedha. Wadachi walipotaka kupiga rupia yao waliifuata ya Kihindi kwa uzito na kwa usafi wa madini, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikwisha izoea nao hawakutaka kitu kingine. Kwa hiyo, ukijifunza kuisoma moja umekwisha ianza nyingine.

Sasa shika jambo hili kabla ya mengine yote. Sarafu ya kale imepitia mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni kiwanda kilichoipiga. Mkono wa pili ni wa watu wote walioitumia sokoni, mifukoni na vibindoni. Mkono wa tatu ni wa mtu aliyeitoboa, aliyeikwaruza, au aliyeisugua. Tunapotaja daraja ya sarafu tunapima kazi ya mkono wa pili peke yake, yaani uchakavu. Mikono ile miwili mingine sharti tuitambue ili tuitenge, isituchanganye. Mwanafunzi anayekosea, karibu siku zote amekosea hapa: amedhani kasoro ya kiwanda ni uchakavu, au amedhani mng’ao wa kusugua ni upya.

Uchakavu unaanzia wapi? Chukua sarafu yo yote, hata ya leo, uilaze mezani, uitazame kutoka ubavuni. Utaona kwamba picha ina vilima na mabonde. Sarafu inapopita mkononi au inaposuguana na wenzake mfukoni, vilima ndivyo vinavyoguswa kwanza. Basi mtu ajuaye kazi hii hatazami sarafu nzima kwa pamoja kama atazamavyo picha ukutani. Huenda moja kwa moja penye vilima vya juu kabisa, na hapo ndipo anaposoma habari.

Katika rupia ya Victoria vilima hivyo ni shavu, nywele zilizo juu ya sikio, na nakshi za vazi lake kifuani. Zitazame nakshi hizo kwanza, maana zina ufundi mwembamba sana na hufutika upesi. Katika rupia ya Edward mfalme hana taji; tazama shavu, sikio, masharubu na ndevu. Katika rupia ya Wadachi Kaiser amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake: tazama manyoya ya tai huyo, kisha masharubu na shavu. Rupia za kampuni, zile zilizotangulia 1904, zina simba mbele ya mnazi upande wa pili. Hapo tazama bega la simba na manyoya ya shingo yake.

Katika rupia ya George wa Tano mfalme amevaa taji na joho, na juu ya joho kuna mkufu wa nishani wenye tembo mdogo. Tembo huyo ana kisa chake. Katika rupia za 1911 alichorwa vibaya, mkonga wake mfupi, hata watu walipomtazama wakaona nguruwe. Kwa Mwislamu kubeba nguruwe mfukoni, tena juu ya vazi la mfalme, lilikuwa jambo la kuchukiza, na malalamiko yakawa mengi. Serikali ya India ikazizuia zile ambazo hazijatolewa, na tangu 1912 tembo akachorwa upya, mkonga ukaonekana wazi. Nawahadithia kisa hiki si kwa kuchekesha tu. Tembo huyo ni mojawapo ya vilima ninavyovisema, nawe huwezi kumpima kama hujui alivyokuwa siku ya kwanza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniambia kwamba rupia yake ya 1911 imechakaa sana kwa sababu mkonga wa tembo umefutika. Haukufutika, haukuwako.

Na hapo tumefika kwa mkono wa kwanza, yaani kiwanda. Sarafu hupigwa kati ya vyuma viwili vyenye picha. Ikiwa kishindo ni kidogo, au vyuma vimechoka kwa kazi, madini hayaingii mpaka ndani kabisa ya picha, na kilima cha juu hutoka butu tangu siku ya kuzaliwa. Je, utajuaje kama kilima kilizaliwa butu au kilichakaa? Jibu liko katika mwanga. Madini yanapobanwa na chuma hutambaa kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari midogo isiyoonekana kwa macho. Mistari hiyo ndiyo inayoipa sarafu mpya ule mng’ao wa pekee: ukiizungusha chini ya taa, miali ya nuru huzunguka nayo kama njiti za gurudumu la baisikeli. Sarafu ikianza kutumika mistari hiyo hufutika kwanza, tena penye vilima. Basi kilima kilichozaliwa butu kina mng’ao sawasawa na sehemu zinazokizunguka; kilima kilichochakaa kimepoa, hakirudishi nuru, kina rangi kama ya kijivu. Tazama pia sehemu iliyo nyuma yake, upande wa pili wa sarafu. Mara nyingi kishindo kikiwa kidogo mahali hapo pande zote mbili huwa butu.

Kwa hiyo yafaa kujua namna ya kutazama. Nawa mikono, ukaushe. Tandika kitambaa laini mezani, ili sarafu ikikuponyoka isianguke sakafuni. Nimeona rupia nzuri ikipata jeraha ukingoni kwa kuanguka mara moja tu juu ya saruji. Ishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, wala usiiguse usoni, kwa kuwa jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi hugeuka kuwa doa. Tumia taa moja, itoke upande mmoja. Mwanga wa mchana wa dirishani ni mzuri kwa kuonea rangi, lakini kwa kuonea mng’ao na mikwaruzo hakuna kama taa moja. Itazame sarafu kwa macho kwanza, uizungushe polepole, uiinamishe huku na huku. Kisha ndipo uchukue kioo cha kukuza. Kioo cha mara tano chatosha, na cha mara kumi ndicho cha mwisho kwa mwanzo huu. Mwenye kuanza na kioo huona kila alama akaogopa, akaishusha sarafu daraja asizostahili kuishusha.

Daraja zenyewe katika chama chetu ni sita, nasi tumezipa majina ya Kiswahili. Ya juu tunaiita Mpya: haikutumika kamwe, vilima vyote vizima, mng’ao haukukatika popote. Huenda ina vialama vya kugongana na wenzake katika mfuko wa kiwanda. Hivyo si uchakavu. Karibu na Mpya ni ile ambayo vilima vimeguswa tu, shavu limepoa kidogo, lakini kila unywele na kila nakshi ipo, na mng’ao unasalia mabondeni na kuzunguka herufi. Nzuri ni ile iliyotumika kwa muda lakini ukimtazama Malkia waweza kuzifuata nyuzi za nywele zake, na nakshi za vazi zinaonekana nyingi ijapokuwa si zote. Wastani ni pale nywele zilipoungana zikawa mafungu, na vazi limefutika nusu. Katika Chakavu uso umebaki umbo tu, vazi ni bapa, ila maneno na mwaka vyasomeka. Mbovu ni ile ambayo unajua kuwa ni rupia, lakini mwaka wake waweza kubishaniwa.

Nawaonya hapa juu ya jambo moja. Wauzaji na wakusanyaji wa Kiingereza wana majina yao, na katika majina hayo neno lenye maana ya “nzuri” limewekwa chini sana, karibu sawa na Chakavu yetu. Mtu akikuandikia barua kwa Kiingereza kwamba sarafu yako ni nzuri, usifanye karamu. Wamarekani nao wana hesabu yao ya 1 mpaka 70. Ilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akikusudia kwamba ile ya 70 iwe na bei mara sabini ya ile ya 1. Baadaye hesabu hiyo ikaenezwa kwa sarafu zote, ijapokuwa ile nia ya bei imekwisha sahauliwa. Kwetu sisi daraja sita zinatosha. Mtu asiyeweza kutofautisha Nzuri na Wastani hatafaidika kwa kupewa namba sabini.

Riale ya Maria Theresa inahitaji maneno yake mbali. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, nao mwaka huo ukabaki katika chapa. Riale hizo zikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna, na katika karne ya ishirini hata Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, kwa sababu watu wa Ethiopia, Arabuni na pwani za Bahari ya Sham walizikubali zaidi ya fedha nyingine. Kwa hiyo usiseme, “Hii ni ya miaka zaidi ya mia mbili, basi uchakavu huu ni mdogo.” Huenda ina miaka sitini. Uzito wake kamili ni karibu gramu 28.07. Wafanyabiashara walioipokea walikuwa na njia yao ya kuipima: walitazama kibana chenye lulu begani mwa malkia, na lulu za kichwani, wakataka kuziona zote wazi. Kama lulu hazihesabiki, riale ilikataliwa au ilipunguzwa bei. Ndiyo kusema kwamba watu wasiojua jina la Sheldon walikuwa wakitoa daraja kila siku sokoni, kwa njia hii hii ninayowafundisha, yaani kwa kutazama kilima kinachofutika upesi.

Nimesema tutenge kazi ya kiwanda. Liko jambo jingine lifananalo nalo ambalo ni baya zaidi, nalo ni sarafu ya bandia. Bandia nyingi za zamani zilimiminwa katika kalibu, hazikupigwa. Picha ya kumimina hutoka laini kote, na mtu asiyejua husema, “Imechakaa.” Lakini uchakavu hauli mabonde. Ukiona vilima vimelainika na mabonde nayo yamelainika vivyo hivyo, na uso una vitundu vidogo kama vya ngozi ya chungwa, shuku. Wenye kusoma fizikia wana njia ya kuhakikisha bila ya kuikwaruza sarafu. Weka chombo cha maji juu ya mizani ya maabara, usome uzito. Funga rupia kwa uzi mwembamba, uizamishe majini bila ya kugusa chini wala kando, usome tena. Rupia ya kweli isiyochakaa sana itaongeza karibu gramu 1.13. Ile ya shaba na nikeli yenye uzito ule ule itaongeza karibu gramu 1.31. Sababu yake mtaipata katika somo la Archimedes. Mwalimu wenu wa fizikia atafurahi mkimwuliza. (Uzi uwe mwembamba kweli. Kikundi cha kwanza kilitumia kamba ya kiatu, kikapata majibu ya ajabu.)

Sasa mkono wa tatu. Hapa sharti niwahadithie habari zangu mwenyewe.

Bibi yangu mzaa baba alifariki nilipokuwa kidato cha tatu. Katika kasha lake zilikutwa rupia nane. Saba zilikuwa za mkufu, za Victoria, kila moja imeungwa sikio na sonara, na usoni zimelainika kwa kuvaliwa miaka mingi. Ya nane ilikuwa peke yake chini kabisa ya kasha, imefungwa katika kipande cha kaniki: rupia ya Wadachi yenye simba, nyeusi kama sufuria ya kuni. Baba mkubwa aliyesimamia mirathi akaniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisoma, akaniuliza kama zina thamani moja. Nikaomba mizani ya sonara, nikazipima, nikaona tofauti ni ndogo tu. Nikasema mbele ya wazee kwamba zote ni sawa. Zikagawanywa, na ile nyeusi ikamwangukia shangazi.

Shangazi hakusema neno mbele ya watu, lakini jioni aliniita jikoni. Akaniambia, “Mwanangu, wenzangu wamepata zinazong’aa, mimi nimepewa makaa.” Nikamhurumia. Nikachukua majivu na limau, nikaisugua ile rupia kwa kitambaa mpaka ikawaka kama kioo. Akafurahi sana, na mimi nikajiona nimefanya jambo la maana.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu shangazi aliponiita tena. Binti yake alikuwa mgonjwa, na fedha za matibabu zilipungua. Akaitoa rupia, akaniambia niende nayo mjini. Nilimpelekea mzee mmoja mkusanyaji. Akaishika kwa ukingo, akaizungusha mara moja chini ya taa, akauliza, “Nani aliyeisugua hii?” Kisha akanipa kioo, akanionyesha. Manyoya ya tai yalikuwapo yote. Manyoya ya shingo ya simba yalikuwapo yote, hata moja halikuguswa. Haikutumika kamwe; huenda ilitoka kwa mlipaji mishahara ikaingia katika ile kaniki siku hiyo hiyo. Lakini katika uwanda wote, nyuma ya kichwa na kuzunguka mnazi, palikuwa na mikwaruzo myembamba maelfu, yote ikielekea upande mmoja, upande wa mkono wangu wa kulia. Ule mng’ao wa gurudumu haukuwako. Kulikuwa na mng’ao wa sufuria. Akanitajia bei iliyozidi kidogo tu ile ya madini, na akanionyesha katika kasha lake nyingine ya mwaka ule ule, nyeusi, ambayo alisema hangeiuza kwa mara kumi ya bei hiyo.

Sikuiuza. Nilirudi nikamwambia shangazi ukweli wote, nikamlipia nilichoweza kutoka mshahara wangu. Akaniuliza swali moja tu: “Kwa hiyo ile nyeusi ndiyo iliyokuwa nzuri?” Nikamjibu, “Ndiyo, shangazi.” Akanyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kama nimekula.

Basi nisikilizeni juu ya weusi. Weusi wa fedha si uchafu kama wa matope. Ni utando mwembamba sana ambao fedha huufanya yenyewe inapokutana na salfa iliyo katika hewa, katika moshi, katika sufi, katika mpira na hata katika karatasi duni. Utando huo huanza na rangi ya dhahabu, ukaja wa samawati na zambarau, mwisho mweusi. Chini yake mistari ile ya kiwanda imelala salama. Ukisugua kwa majivu unaondoa utando pamoja na uso wa sarafu wenyewe, maana majivu yana chembe ngumu kuliko fedha. Na asidi ya limau nayo huishambulia shaba iliyochanganywa ndani. Dawa ya meno ni vivyo hivyo. Utando waweza kurudi baada ya miaka, lakini uso haurudi. Ikiwa sarafu ina mchanga au mafuta, iloweke katika maji safi, uibadilishie maji mara kadhaa, uilaze juu ya kitambaa laini ikauke bila ya kuisugua. Ikiwa ni nyeusi, iache nyeusi.

Kuitunza pia ni rahisi. Bahasha ya karatasi nzuri isiyo na asidi yafaa, moja kwa kila sarafu. Usifunge kwa mpira. Usitie katika vile vifuko vya plastiki laini vinavyonuka. Baada ya miaka huacha utelezi wa kijani unaokula madini.

Sarafu iliyoumizwa twaipaje daraja? Tunasema mambo mawili, la uchakavu na la jeraha, wala hatulifichi moja nyuma ya jingine. Rupia za mkufu wa bibi yangu nimeziandika hivi: “Wastani, imeungwa sikio.” Iliyotobolewa na yenye alama ndogo ya patasi ya mbadili fedha ni vivyo hivyo. Mtu akikuuzia sarafu akataja daraja bila ya jeraha amekudanganya, hata kama daraja ni sahihi. Nawe ukiuza, fanya hesabu ya kwamba mnunuzi ana taa kama yako.

Tena, sarafu niliyoisema mpaka hapa ni ile ya urithi au ya kununua. Ukiokota sarafu katika magofu ya kale, Kilwa au penginepo, usiiweke mfukoni. Peleka habari kwa ofisi ya Mambo ya Kale, ukieleza mahali hasa ulipoiona. Mahali hapo ni nusu ya habari yake.

Sasa zoezi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika maabara ya fizikia, zitawekwa sarafu nne juu ya kitambaa, na taa moja. Ya kwanza ni rupia ya Victoria ya 1862. Ya pili ni rupia ya George wa Tano ya 1912; kumbukeni tembo. Ya tatu ni riale, nayo mtahesabu lulu. Kila mtu aandike daraja yake kwenye karatasi bila ya kusemezana na mwenzake, kisha tutalinganisha. Msishangae mkitofautiana kwa daraja moja. Hata wazoefu hutofautiana. Mkitofautiana kwa tatu, tutarudi kwenye taa.

Ya nne ni ile ya shangazi. Alinipa mwenyewe, kwa ajili yenu. Manyoya ya simba mtayaona yote. Andikeni daraja yake, na baada ya daraja andikeni lile neno la pili.